Nyama Ile Ile, Wapishi Mbalimbali: Uanzie Wapi Katika Ucheshi wa Wala Watu?

Mtu anayetaka kuujua ucheshi wa mapishi ya nyama ya binadamu hukutana na shida moja tangu mwanzo: kazi zote za aina hii, zikielezwa kwa sentensi moja, hufanana. Yupo mpishi, yupo mlaji asiyejua anachokula au anayejua na kujifanya hajui, na yupo mtu aliyetoweka. Lakini mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Anayeanza na filamu yenye damu nyingi kuliko anavyoweza kustahimili huiacha katikati na kuamini kwamba ucheshi wote wa aina hii ni uchafu mtupu, ilhali palikuwa na maandishi ya kurasa chache ambayo yangemfanya acheke na kukasirika kwa wakati mmoja bila kuona tone moja la damu. Na yule ambaye angefurahia nyimbo na vishindo vya jukwaani huanza na maandishi ya karne ya 18, akayaona makavu, akafunga kitabu asirudi tena.

Hapa ninalinganisha kazi nane, nikiongozwa na mambo matatu. La kwanza ni nani aliyeshika kisu na nani aliyewekwa mezani, kwa sababu kicheko kinachomwangukia mwenye nguvu si sawa na kicheko kinachomwangukia mnyonge. La pili ni upishi wenyewe: je, mtunzi amejishughulisha na chumvi, moto na viungo, au amelitaja jiko kwa jina tu? Ninalipa jambo hili uzito mkubwa kuliko wengi wanavyolipa, kwa kuwa ninaamini kwamba ucheshi huu hauishi katika mauaji bali katika umakini wa mpishi, pale anapozungumzia nyama isiyopaswa kuliwa kwa uangalifu uleule ambao angeutumia kwa nyama ya kondoo. La tatu ni tumbo la msomaji au mtazamaji, na hilo kila mtu analijua lake.

Kabla ya kuanza, ipo picha moja ambayo nimeiacha nje kwa makusudi. Ni ile ya chungu kikubwa cheusi juu ya moto, mmisionari mwenye kofia ya jua akiwa amekaa ndani yake, na Waafrika au watu wa visiwa vya Pasifiki wakimzunguka na vijiko mikononi. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliichapa picha hiyo kwa miongo mingi, na filamu za katuni zikaipokea. Siiachi kwa sababu ya uchungu peke yake, ingawa uchungu upo na una haki yake. Ninaiacha kwa sababu hata kwa kipimo cha ucheshi imeshindwa: ndani ya chungu kile hakuna mapishi, wapishi hawana majina wala ladha wanayoitafuta, na kinachochekwa ni watu waliotawaliwa, tena wakichekwa na waliowatawala. Mwaka 1956 Waingereza wawili, Michael Flanders na Donald Swann, waliimba jukwaani wimbo wa mazungumzo kati ya baba mla watu na mwanawe anayekataa kula watu, na hapo picha ile ile ikageuzwa kidogo, kwani baba anaona kwamba kukataza kula watu ni upuuzi sawa na kukataza kupigana nao, na kwa hoja hiyo mshale unawarudia wasikilizaji waliokuwa wametoka vitani miaka michache tu iliyotangulia. Hata hivyo mandhari ya wimbo ni yale yale ya kale, kwa hiyo siuweki miongoni mwa chaguo zangu.

Wawili wa maandishi: Swift na Gilbert

Jonathan Swift alikuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin alipotoa kijitabu kiitwacho A Modest Proposal mwaka 1729, bila kuweka jina lake. Ireland ilikuwa chini ya mamlaka ya Uingereza, mavuno yalikuwa yameharibika mwaka baada ya mwaka, wamiliki wengi wa ardhi waliishi ng'ambo na kuzitumia huko kodi walizokusanya kwa wakulima, na barabara zilijaa akina mama ombaomba wakifuatwa na watoto wao. Msemaji wa kijitabu, ambaye si Swift mwenyewe bali mtu aliyebuniwa, mwungwana mpole anayependa hesabu, anapendekeza kwamba watoto wa maskini wauzwe wanapotimiza mwaka mmoja ili waliwe na wenye uwezo.

Nguvu ya kijitabu hiki imo katika hesabu na katika jiko. Msemaji anakadiria kwamba watoto 120,000 huzaliwa na wazazi maskini kila mwaka. Anatenga 20,000 kwa ajili ya kuzaliana, robo yao wakiwa wa kiume, akieleza kwamba hiyo ni zaidi ya wanavyoachiwa kondoo, ng'ombe na nguruwe, na 100,000 waliobaki anawapeleka sokoni. Mtoto anapozaliwa ana ratili 12, na akinyonyeshwa vizuri kwa mwaka mmoja hufikia ratili 28. Gharama ya kumlea ni shilingi 2, matambara yakiwemo, na bei yake ni shilingi 10, kwa hiyo mama hubaki na faida ya shilingi 8. Kisha linakuja jiko. Mtoto mmoja hutosha kwa vyakula viwili pakiwa na wageni, na familia ikila peke yake, robo ya mbele au ya nyuma inatosha, nayo ikitiwa pilipili kidogo au chumvi itakuwa nzuri sana ikichemshwa siku ya nne, hasa wakati wa baridi.

Ninaomba msomaji aikazie macho hiyo siku ya nne. Asiyejali angeandika kwamba nyama inachemshwa, akaendelea na mengine. Swift amefikiria jinsi nyama inavyohifadhiwa, imekaa muda gani, na kwamba majira ya baridi huisaidia isiharibike. Amefikiria kama mwenye nyumba mwekevu anavyofikiria, na ni uwekevu huo ndio unaomfanya msomaji ashtuke, kwa kuwa ni sauti ile ile inayosikika katika mijadala ya heshima kuhusu namna ya kuwapunguza maskini. Msemaji anakiri kwamba chakula hiki kitakuwa ghali, na kwa hiyo kitawafaa zaidi wamiliki wa ardhi, ambao, kwa vile wamekwisha kuwala wazazi, wana haki ya kwanza juu ya watoto. Baadaye anayaorodhesha mambo ambayo hataki kuyasikia: kuwatoza kodi wamiliki waishio nje, kununua bidhaa za nchini, kuwafundisha wenye mashamba huruma kwa wapangaji wao. Hayo anayoyakataa ndiyo aliyoyataka Swift mwenyewe, na ndiyo sehemu ya kijitabu inayosomwa haraka mno na wanaotafuta kichekesho peke yake.

Mwingereza W. S. Gilbert ni mpishi wa namna nyingine. Shairi lake The Yarn of the "Nancy Bell" lilichapishwa mwaka 1866 katika jarida la Fun, baada ya jarida la Punch kulikataa kwa hoja kwamba limezidi kiasi katika ulaji wa watu. Baharia mzee anajitambulisha kuwa ni mpishi, nahodha, msaidizi wa nahodha na mabaharia wengine wote kwa pamoja, na msikilizaji anamwona ana wazimu mpaka anapoelezwa kisa: meli iligonga mwamba katika Bahari ya Hindi, wakabaki 10, njaa ikawashika, wakapiga kura, wakaanza na nahodha. Mwishoni wanabaki wawili, msimulizi na mpishi, na swali linalobaki ni nani kati yao atakayeingia chunguni. Mpishi anachemsha maji, anatia chumvi na pilipili kwa vipimo sahihi, anaongeza kitunguu kilichokatwakatwa na majani ya kunukia, anakoroga na kukoroga, kisha anainama kunusa povu. Yote anayafanya kwa ustadi wa kazi yake, akimwandaa mwenzake, na kunusa huko ndiko kunakompa mwenzake nafasi.

Ukiwaweka Swift na Gilbert bega kwa bega, utaona kwamba wote wawili wanajua jiko, lakini Gilbert hamtafuti mkosaji. Njaa ya baharini haina bwana. Nahodha ndiye wa kwanza kuliwa, na cheo hakimsaidii. Shairi linasomwa kwa dakika chache, lina mahadhi ya wimbo wa mabaharia, na linamfaa anayetaka kucheka bila kubebeshwa mzigo. Mzigo ulikuja baadaye kutoka kwenye maisha halisi: mwaka 1884 jahazi dogo la Mignonette lilizama katika Atlantiki, na nahodha Dudley pamoja na msaidizi wake Stephens wakamuua Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa nao katika mashua, wakamla pamoja na baharia wa tatu. Mahakama ya Uingereza ilikataa hoja kwamba dhiki yaweza kuhalalisha mauaji, ikawahukumu kifo, adhabu iliyopunguzwa kuwa kifungo cha miezi sita. Aliyekuwa dhaifu kuliko wote ndiye aliyeliwa, wala kura haikupigwa. Mwenye moyo mwepesi na alisome shairi kwanza, kesi hiyo aisome baadaye.

Kinyozi wa London: jukwaa au filamu?

Kumwoka mtu ndani ya pai hakukuanza na kinyozi huyu, Sweeney Todd. Shakespeare, miaka ya 1590, alimvika Titus Andronicus mavazi ya mpishi na kumfanya amwandalie Tamora, malkia adui yake, pai yenye nyama ya wana wawili wa malkia huyo. Lakini Titus analipiza kisasi, hafanyi biashara, na ni biashara ndiyo iliyouleta ucheshi huu mahali ulipo sasa. Sweeney Todd alizaliwa katika hadithi ya mfululizo ya magazeti ya bei nafuu ya London mwaka 1846 na 1847: kinyozi wa mtaa wa Fleet Street huwaua wateja, na jirani yake, Bi Lovett, huuza pai zinazogombaniwa na makarani na wanasheria. Katika hadithi hiyo ya kwanza kinyozi aliua kwa tamaa ya mali. Ni tamthilia ya Christopher Bond ya mwaka 1973 iliyompa sababu ya kuhurumiwa, yaani hakimu aliyemfunga na kumpeleka Australia ili ampate mke wa kinyozi, na ni juu ya msingi huo Stephen Sondheim na Hugh Wheeler walipojenga tamthilia yao ya muziki, iliyofunguliwa New York mwaka 1979 na kupata tuzo nane za Tony.

Wimbo unaofunga sehemu ya kwanza ya tamthilia hiyo ndio, kwa maoni yangu, upishi bora wa ucheshi huu ulio katika muziki. Maiti ya kwanza imo ndani ya nyumba, kinyozi anafikiria kuizika usiku, na Bi Lovett anakumbuka bei ya nyama. Yeye si katili kwa tabia; ni mfanyabiashara ambaye pai zake zimekuwa mbaya kwa kukosa nyama, na anaona kuzika ni kupoteza bure. Kisha wawili hao wanaanza kupendekeza pai kwa kufuata kazi za watu, wakibishana kuhusu ladha kama wateja wanaochagua bidhaa: padri ni safi, mwanasiasa ana mafuta kupita kiasi, mwanasheria ni ghali. Kinyozi anageuza mzaha kuwa falsafa, kwamba tangu zamani waliojuu huwala waliochini na sasa umefika wakati wa kugeuza meza, na hapo Sondheim anakutana na Swift, ila safari hii maskini ndio wenye tanuri. Kibaya zaidi, na tamthilia inakijua, ni kwamba wanaoliwa kwa kweli mwishoni si mahakimu bali ni wateja wa kawaida wasio na ndugu wa kuwaulizia.

Sasa, jukwaa au filamu? Kipo kipindi kilichorekodiwa jukwaani na kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1982, Angela Lansbury akiwa Bi Lovett na George Hearn akiwa kinyozi, na ipo filamu ya Tim Burton ya mwaka 2007 yenye Johnny Depp na Helena Bonham Carter. Filamu ni nzuri kwa macho, na ilipata tuzo ya Oscar kwa upande wa mandhari, lakini damu yake inaruka na kumwagika kwa wingi hata mtu aliyekuja kucheka hujikuta anafumba macho. Bonham Carter anamcheza Bi Lovett kama mwanamke mwenye huzuni aliyekosa usingizi. Lansbury anamcheza kama mwenye mgahawa mwenye mikono yenye unga, mchangamfu, mwenye kusengenya, na uchangamfu huo ndio unaotisha, kwani humwoni akivuka mpaka. Kwake hakuna mpaka wa kuvuka, ipo bei ya nyama tu. Katika filamu nyimbo za kundi la waimbaji zimeondolewa na wimbo wa pai umepunguzwa, na hiyo ni hasara isiyofidiwa na mandhari. Anayetaka kucheka na achague jukwaa. Anayetaka huzuni na picha nzuri, na ambaye damu haimsumbui, filamu itamfaa. Wote wawili wajue kwamba vichekesho vingi vya nyimbo hizi vimejengwa juu ya vina na maneno yenye maana mbili, kwa hiyo anayetegemea maandishi ya chini ya skrini atapata kisa lakini atakosa sehemu kubwa ya utamu.

Bucha mbili

Kwa mtazamaji wa namna hiyo kuna kazi inayomfaa zaidi: Delicatessen, filamu ya kwanza ndefu ya Wafaransa Jean-Pierre Jeunet na Marc Caro, ya mwaka 1991. Nchi imeharibika, chakula hakuna, nafaka imekuwa fedha, na katika jengo moja lililobaki limesimama mwenye nyumba ndiye pia mwenye bucha. Anatangaza kazi ya fundi wa kurekebisha jengo, fundi anakuja, anafanya kazi kwa siku kadhaa, kisha wapangaji wanapata nyama. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimo ndani ya jengo lako, kinakupangisha chumba na kukupimia mzani. Filamu inaanza na sauti ya kisu kinachonolewa, ikipanda kupitia mabomba ya nyumba hadi chumba cha mtu anayetetemeka, ambaye anajifunga takataka mwilini ili atoke pamoja na uchafu wa jengo. Hatuonyeshwi nyama. Tunasikia kisu, tunaona uso, basi.

Mahali ambapo filamu hii inawazidi wengine ni katika mdundo. Mchinjaji yuko kitandani na mpenzi wake, chemchemi za kitanda zinalia, na kila mpangaji, bila kujua, anafuata mapigo hayo hayo: binti anapiga selo, yaani fidla kubwa, fundi anapaka rangi darini, mwingine anatia upepo tairi la baiskeli, mwingine anapiga zulia vumbi litoke, mwingine anafuma. Mwendo unaongezeka, wote wanaongeza, hadi kila kitu kinakatika kwa pamoja. Ndani ya dakika chache, bila neno lolote, tumeonyeshwa kwamba jengo zima ni mwili mmoja na moyo wake ni bucha. Hakuna mpangaji anayeweza kusema hakuhusika. Udhaifu wake ni kwamba jiko lenyewe halionekani sana. Tunajua nyama inaliwa, lakini hatujui inapikwaje, na kwa mtu mwenye kipimo kama changu hilo ni pengo. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mmoja wa wapangaji anajaribu kujiua mara kwa mara kwa njia za kuchekesha, na mwenye jeraha katika jambo hilo afadhali achague kazi nyingine.

Bucha ya pili iko Denmark, katika De grønne slagtere ya Anders Thomas Jensen, ya mwaka 2003. Svend na Bjarne wamechoshwa na tajiri wao mwenye majivuno, wakafungua bucha yao wenyewe. Kwa bahati mbaya fundi umeme anafungiwa usiku kucha katika chumba cha kugandishia nyama, na asubuhi ni maiti. Svend, mtu mwenye jasho jingi na kiu kubwa ya kupendwa, anaingiwa na hofu, na yule tajiri wa zamani anapokuja kutoa oda, anamkatia vipande vya paja, anavilaza katika viungo na kuviuza kama nyama ya kuku. Kesho yake foleni imefika nje.

Hapa ndipo kipimo cha upishi kinapotoa jibu la wazi. Svend ana fomyula ya viungo vyake, ana namna yake ya kukata na kufunga, na anapoiona foleni machozi yanamlenga, kwa kuwa ni mara ya kwanza maishani mwake watu kumhitaji. Kisu hakikushikwa na dhalimu kama katika jengo la Kifaransa, wala na mwenye kisasi kama kinyozi. Kimeshikwa na mtu mpweke anayeona kwamba akiacha kuua ataacha kupendwa. Ucheshi wake ni wa taratibu, nyuso kavu, vyumba vya rangi zilizofifia, na ukimya baina ya sentensi. Anayependa kelele ataona filamu imelala. Mimi ninaiweka juu ya Delicatessen kwa upande wa mapishi na chini yake kwa upande wa picha, na kama ningelazimika kumpa mtu moja tu ya hizi mbili ningempa ya Denmark, kwa sababu kisa cha njaa ya nchi nzima hubaki mbali nasi, lakini kila mtu anaijua hamu ya kusikia kwamba chakula chake ni kitamu.

Kikaango, mkahawa na meza ya daktari

Eating Raoul ya Paul Bartel, ya mwaka 1982, haihitaji maelezo marefu. Mume na mke wa Los Angeles, wenye adabu ya kupita kiasi, wanataka fedha za kufungua mgahawa, na wanazipata kwa kuwapiga vichwani kwa kikaango watu wanaokuja nyumbani kwao kutafuta anasa, kisha wanazichukua pochi zao. Kichwa cha filamu kimekwisha kusema itakapoishia. Utamu umo katika jambo moja dogo: mke anamwomba mumewe anunue kikaango kingine, kwa kuwa anaona kinyaa kupikia kile wanachoulia watu. Kuua hakumsumbui, usafi wa jiko unamsumbua. Zaidi ya hapo filamu ina mizaha ya ngono iliyochakaa, na kwa hiyo ninaipendekeza tu kwa aliyemaliza nyingine zote na bado ana hamu.

Kazi mbili za mwisho zimesimama kwenye ncha mbili zinazokabiliana. Stanley Ellin, Mmarekani, alichapisha hadithi yake ya kwanza, The Specialty of the House, mwaka 1948. Bwana mmoja anampeleka mfanyakazi wa ofisi yake katika mkahawa uliojificha, usio na orodha ya vyakula, ambako wateja wa kudumu huvumilia wakisubiri jioni ambayo mwenye mkahawa ataleta nyama yake maalumu, inayosemekana ni ya kondoo wa mahali fulani mbali. Mwandishi hasemi kamwe nyama hiyo ni ya nini. Anaeleza jinsi mlaji anavyofumba macho, jinsi mate yanavyomjaa, na heshima kubwa ya kualikwa jikoni ambayo wachache huipata. Msomaji ndiye anayeongeza kiungo cha mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na nijuavyo mimi hakuna njia ngumu zaidi ya kuandika kisa cha namna hii.

Mfululizo wa televisheni wa Hannibal, ulioonyeshwa Marekani kuanzia 2013 hadi 2015 kwa vipindi 39, hauachi kitu kwa mtazamaji. Mads Mikkelsen, yule yule aliyekuwa Svend mwenye jasho, sasa ni daktari wa akili aliyevaa suti, anayewaandalia wageni wake karamu ambazo mpambaji wa vyakula Janice Poon alizitengeneza kwa ustadi hata mtazamaji huona njaa kabla hajakumbuka anachokitazama. Vipindi vya msimu wa kwanza vimepewa majina ya hatua za mlo wa Kifaransa, na vya msimu wa pili ya mlo wa Kijapani. Ucheshi umo katika mazungumzo ya mezani, ambapo kila sifa anayoitoa mwenyeji kuhusu wageni wake ina maana mbili na wao wanaisikia moja. Lakini ni ucheshi uliotawanyika ndani ya kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya kuogofya, yenye maiti zilizopangwa kama sanamu, na anayekuja kwa ajili ya kicheko atasubiri muda mrefu kati ya kimoja na kingine. Ukihesabu mapishi peke yake, hakuna kazi inayokaribia hii. Ukihesabu vicheko, Ellin anampita kwa kurasa zake chache.

Basi uchague vipi? Msomaji mwenye hasira na mambo ya nchi yake, anayetaka kicheko chenye meno, na aanze na Swift, asome mpaka mwisho pamoja na ile orodha ya mambo yaliyokataliwa. Asiye na muda na asome Gilbert. Asiyependa kuona damu lakini anataka kukosa usingizi, Ellin ndiye wake, na nashauri amsome peke yake, kwa muda mmoja, bila kusoma kwanza muhtasari wowote, kwa sababu kisa hiki kikishaelezwa hakirudi. Mtazamaji asiyetaka kutegemea maneno na aende kwenye jengo la Wafaransa, na anayependa watu kuliko picha aende kwenye bucha ya Denmark. Hannibal ni ya mwenye subira na tumbo gumu, naye asianze kuitazama akiwa na njaa. Na panapokuwa na kundi la watu wazima wenye ladha tofauti, wanaotaka kitu kimoja cha kutazama pamoja jioni, bila watoto chumbani, nisingesita: ni kipindi cha jukwaani cha mwaka 1982, na wimbo wa pai ukimalizika wasimamishe kidogo, kwa kuwa hapo ndipo sehemu ya kwanza inapoishia na ndipo kila mmoja atataka kusema ni mtu wa kazi gani aliyesahaulika katika ile orodha.